Cheo Si Uzao: Kwa Nini Matarishi Wasitengwe na Chama

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu dogo ili nijibu maneno yaliyosemwa katika mkutano wetu uliopita. Wale ambao hawakuhudhuria na wajue kwamba mwanachama mmoja, mtu mwenye elimu na ulimi mwepesi, alitoa shauri kwamba matarishi, wafagiaji, wapishi na walinzi wa ofisi za Serikali wafutwe katika daftari ya chama, wakaundiwe chama chao wenyewe. Tena kwamba mfuko wetu wa kusaidia ada za shule uwe kwa watoto wa makarani, walimu na waganga tu. Shauri hilo litapigiwa kura katika mkutano ujao, wajumbe wa Iringa na wa Mbeya wakiwapo pamoja. Sina ugomvi na bwana huyo. Ugomvi wangu ni na shauri lake, na hasa na mfano aliouleta ili kulitetea.

Mfano wenyewe ulikuwa hivi. Alisema: tazameni Uhindini, hapa Mbeya na kule Iringa. Wahindi wamefanikiwa kwa sababu tangu kale kila ukoo kwao una kazi yake. Mwenye duka huzaa mwenye duka, fundi huzaa fundi, na mfagiaji huzaa mfagiaji, wala mtu haingilii daraja la mwenziwe. Nasi tukitaka kuendelea, tujue kila mtu mahali pake. Wengi walipiga makofi. Mimi sikupiga, maana niliona kwamba mfano huo, ukifunuliwa vizuri, wampinga yeye aliyeuleta.

Basi na tuufunue. Dini ya Wahindu katika vitabu vyake vya kale yataja madaraja manne ya watu, yaitwayo varna. Wa kwanza ni Wabrahmana, makuhani na walimu. Wa pili Wakshatriya, watawala na askari. Wa tatu Wavaishya, wenye biashara na mifugo na mashamba. Wa nne Washudra, ambao kazi yao ni kuwatumikia wale watatu. Wimbo mmoja wa kale katika Rigveda wasimulia kwamba madaraja hayo yalitoka katika mwili wa Mtu wa kwanza: Brahmana katika kinywa chake, na Shudra katika miguu yake. Chini ya hayo manne waliwekwa watu wasiohesabiwa katika daraja lolote, ambao kuwagusa kulidhaniwa kuwa ni unajisi. Hao ndio waliochuna mizoga, waliofagia vyoo, na waliochoma maiti.

Lakini varna ni mpango wa vitabuni. Katika maisha ya kila siku jambo kubwa ni jati, yaani ukoo wa kuzaliwa, na jati ni maelfu. Jati ndiyo iliyomwamrisha mtu aoe wapi, ale na nani, apokee maji mkononi mwa nani, na mara nyingi afanye kazi gani. Kinyozi, mfinyanzi, mfua nguo, mshona viatu, kila mmoja alizaliwa katika kazi yake, na kijijini alilipwa kwa nafaka wakati wa mavuno na jamaa zile zile ambazo baba yake aliwatumikia. Sikatai kwamba mpango huo ulikuwa na faida zake. Ufundi ulirithiwa tangu utotoni, na mjane wa ukoo hakuachwa peke yake. Mtu mwadilifu hana budi kuyakubali hayo. Lakini aliyetuletea mfano alitazama ngazi kutoka juu. Hakumwuliza aliye chini.

Mimi nataka tumwulize mmoja wao, naye ni Bhimrao Ramji Ambedkar, aliyezaliwa mwaka 1891 katika jati ya Mahar, mojawapo ya zile zisizoguswa. Alipokuwa mtoto shuleni alikalia gunia lake peke yake, wala hakuruhusiwa kugusa bomba la maji. Alipoona kiu, tarishi wa shule ndiye aliyemfungulia maji. Siku asipokuwapo tarishi, mtoto hakunywa. Mtoto huyo baadaye alisoma Marekani katika Chuo Kikuu cha Columbia, na London vile vile, akapata udaktari wa elimu. Alirudi kwao akapewa kazi ya cheo katika Serikali ya Baroda. Na waandishi wa maisha yake wasimulia kwamba huko ofisini matarishi wa jati za juu walimtupia mafaili mezani kutoka mbali, ili mikono yao isikaribie yake.

Ndugu zangu makarani, nawaomba msimame hapa kidogo. Bwana wetu alisema kwamba tabaka ndizo ziletazo utaratibu wa ofisi. Je, huo ni utaratibu gani, tarishi kumtupia mkubwa wake faili kama amtupiaye mbwa mfupa? Tabaka hazikuilinda ofisi ile. Zilikipindua cheo chini juu. Kwa sheria ya ofisi, Ambedkar alikuwa mkubwa. Kwa sheria ya uzao, alikuwa si kitu. Basi cheo na uzao ni mabwana wawili wasiopatana, na ofisi itakayomtumikia uzao itakidharau cheo. Atakaye nidhamu ofisini na auogope ukabaila wa kuzaliwa kuliko anavyomwogopa tarishi.

Mwaka 1927 Ambedkar aliwaongoza watu wake mpaka kwenye birika la maji la mji wa Mahad, wakanywa maji ambayo kwa desturi walikatazwa, ingawa ng'ombe hawakukatazwa. Mohandas Gandhi naye, ijapokuwa hakupatana na Ambedkar katika mambo mengi, aliita desturi ya kutogusana kuwa doa la dini yake, akasafisha vyoo kwa mikono yake mwenyewe ili awafundishe wafuasi wake. Na India ilipopata uhuru, aliyewekwa kuwa mwenyekiti wa kamati ya kuandika rasimu ya Katiba alikuwa Ambedkar yule yule wa gunia. Katiba hiyo ilianza kutumika tarehe 26 Januari 1950, na kifungu chake cha 17 chaifuta desturi ya kutogusana na kuifanya kuwa kosa la jinai. Kwa hiyo mpango anaotusifia mwenzetu ni mpango ambao wenyewe waliuhukumu katika sheria yao kuu. Je, tuokote jalalani nguo ambayo mwenyewe ameitupa?

Tena India yenyewe yatufundisha kwamba ukuta wa namna hii ni rahisi kuujenga na mgumu kuubomoa. Baada ya Katiba ilibidi itungwe sheria nyingine mwaka 1955, na nyingine mwaka 1993, na nyingine tena mwaka 2013 ya kukataza watu kuajiriwa kuzoa kinyesi kwa mikono. Watu hawatungi sheria tatu kwa jambo lililokwisha. Sisi bado hatujaweka hata tofali la kwanza. Kwa nini tuanze?

Sasa nije Uhindini kwetu. Kwanza, si kila Mhindi ni Mhindu. Mwenzetu apitapo mbele ya jamatkhana ya mjini Iringa na akumbuke kwamba hiyo ni nyumba ya Waismaili, nao ni Waislamu. Katika maduka ya mikoa hii wamekuwako Waismaili, Mabohora, Makalasinga na Wagoa pamoja na Wahindu. Kama utajiri wa duka ungalitoka katika tabaka za Kihindu, hao wengine wangaliupata wapi?

Pili, hata Wahindu wenyewe walifika huku kwa kuivunja desturi ya tabaka. Kwa Wahindu wa madaraja ya juu waliofuata desturi kali, kuvuka bahari kulikuwa kunatia unajisi. Waliokuja Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam waliivuka bahari hiyo. Ni kweli Walohana wa Kachchh na Kathiawar walikuwa watu wa biashara tangu kwao. Lakini watazameni kina Patel wa Gujarati. Wengi wao kwa asili ni wakulima wa wilaya ya Kheda. Afrika ya Mashariki wakawa makarani wa reli, wakuu wa stesheni, wenye maduka, walimu na wanasheria. Kama wangalishika mashauri ya mwenzetu, kila Patel angalikuwa bado ashika jembe la baba yake. Walifanikiwa kwa sababu waliliacha. Kilichowasaidia ni kuchangiana mtaji, kuaminiana kwa mkopo, na kujenga shule. Hayo matatu hayahitaji tabaka. Yahitaji chama kama hiki chetu, tukikiacha kiwe kizima.

Tatu, wenye hekima miongoni mwao waliona mapema kwamba mafungu yatawadhoofisha. Arya Samaj, wafuasi wa Dayananda Saraswati waliofundisha kwamba daraja la mtu ni kwa tabia yake na si kwa kuzaliwa, walikuwa wamekwisha kuanzisha jumuiya yao Nairobi mwaka 1903. Dar es Salaam kikaundwa chama cha Hindu Mandal mwaka 1919, chama cha Wahindu wote, si cha jati moja, na hospitali yake yajulikana hata leo na watu wa kila kabila. Wao walikuwa wakiunganisha. Sisi twaambiwa tujifunze kwao kwa kutenganisha.

Wala Mkristo asidhani kwamba ubatizo peke yake hufukuza tabaka. Wagoa ni Wakatoliki tangu karne nyingi, na hata hivyo desturi ya jati iliwafuata kanisani na baharini. Mjini Nairobi zamani za ukoloni mafundi cherahani wa Kigoa walikuwa na chama chao, na makarani wa Kigoa walikuwa na klabu zao. Walisali kwa Mungu mmoja, wakanywa chai katika nyumba mbalimbali. Hicho ndicho hasa tunachoombwa tukipigie kura.

Sikilizeni pia lugha yetu, maana ina akili kuliko sisi. Neno dobi lilitoka India. Kule ni jina la jati: aliyezaliwa humo ni mfua nguo, na mwanawe, na mjukuu wake. Kiswahili kililipokea neno hilo kikaliondolea ukoo. Kwetu dobi ni mtu yeyote afuaye nguo kwa malipo, na siku atakapoacha kufua si dobi tena. Baniani ni vivyo hivyo: kwao ni jina la koo za wafanya biashara, kwetu likawa jina la Mhindu yeyote. Tena twasema, Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Lakini nani aliyemshonea Baniani kiatu? Ni mshona viatu, mtu wa ngozi, ambaye kwa desturi za kwao alihesabiwa najisi. Dawa ilitoka mkononi mwa aliyetengwa.

Hata sasa nimesema habari za India. Sasa niseme habari zetu, maana nyani haoni kundule.

Sisi twajua vema tabaka ni nini, kwa kuwa babu zetu waliwekwa ndani yake. Zamani za Mwingereza kazi ya Serikali katika Tanganyika ilikuwa na ngazi tatu: ya Mzungu, ya Mwasia, na ya Mwafrika, mshahara mbali, nyumba mbali, hospitali mbali. Miji yetu hii ilipimwa hivyo, Uzunguni na Uhindini, na majina hayo yangali vinywani mwetu. Tume ya Holmes ilitoa taarifa yake mwaka 1948, ikapendekeza kwamba asiye Mzungu alipwe tatu ya tano ya mshahara wa Mzungu kwa kazi ile ile. Watu wenye vyeti walisoma maneno hayo wakaambiwa kwamba ngozi yao ina thamani ya tatu ya tano. Ilibidi ingoje Tume ya Lidbury ya mwaka 1954 ndipo msingi huo wa rangi ulipoanza kung'olewa katika mishahara. Makarani waliotutangulia waliita jambo hilo dhuluma, na walikuwa na haki. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Je, uchungu huo tuliusikia tu kwa sababu sisi ndio tuliochomwa?

Nyanda hizi zetu za Juu za Kusini ziliwekewa na jati zake. Wabena, Wahehe na Wakinga waliandikwa kuwa manamba wa mkonge wa Tanga na Morogoro, hasa tangu ilipoanzishwa ofisi ya SILABU mwaka 1944. Wanyakyusa walikwenda dhahabu ya Lupa, na wengine migodi ya Afrika Kusini. Mabwana walisema kabila hili lafaa kukata mkonge, lile lafaa kuchimba. Haikuwa asili ya mtu. Ilikuwa njaa ya kodi. Lakini lirudiwapo mara nyingi, neno la bwana hugeuka kuwa desturi ya mtumwa. Leo hii mtu wa Dar es Salaam akitaka mtumishi wa ndani, husema: niletee msichana wa Iringa. Kana kwamba binti wa Mufindi au wa Kilolo amezaliwa na ufagio mkononi! Nasi tulio Iringa twakasirika tuambiwapo hivyo, na kukasirika ni haki yetu. Kisha twaingia ofisini tukamwambia mfagiaji kwamba mwanawe ni mtu wa ufagio. Sheria ya Ajira ya mwaka 2004 yakataza ubaguzi kazini kwa ajili ya kabila, mahali mtu atokako, asili yake katika jamii, na hata hali yake ya maisha. Chama cha watumishi wa Serikali kingepaswa kuwa mbele ya sheria hiyo, si nyuma yake.

Nimesikia hoja tatu za kulitetea shauri, nami nazijibu.

Ya kwanza: ofisi lazima iwe na wakubwa na wadogo. Kweli kabisa. Nami sitaki tarishi aandike barua za Mkuu wa Wilaya. Lakini cheo ni koti. Mtu hulivaa asubuhi kwa sababu amelistahili, hulivua jioni, na siku ya kustaafu humwachia mwingine. Tabaka ni ngozi: haivuliki, wala haikustahiliwa. Chama hukutana jioni, makoti yakiwa yametundikwa.

Ya pili: watu hao hawataelewa mazungumzo yetu. Kama hawaelewi, ni kwa sababu tumezoea kupamba mikutano kwa Kiingereza mahali ambapo Kiswahili kingetosha. Tarishi aliyechukua mafaili miaka 20 ajua mahali ilipo kila karatasi masijala, na mara nyingi karani mgeni humwuliza yeye. Nilipata kumwona mmoja katika ofisi niliyofanya kazi zamani, aliyejifunza kupiga taipu kwa kutazama tu. Alipoomba afanyiwe mtihani wa ukarani, alichekwa mpaka akaiondoa barua yake. Serikali ilipoteza karani siku ile, na hakuna aliyeandika hasara hiyo katika hesabu.

Ya tatu: mfuko wa ada ni mdogo, yafaa uwasaidie watoto wenye matumaini. Hapa sina budi kusema jambo langu. Baba yangu alikuwa tarishi. Ada yangu ya sekondari ya misheni ilitoka katika mshahara wake na katika ulanzi aliouza mama, na upungufu ulichangwa na wenziwe wa kazini, baadhi yao makarani. Kama makarani wale wangaliona kwamba mtoto wa tarishi hana matumaini, ninyi msingekuwa mkisoma barua hii. Wala sidhani ni mimi peke yangu. Kila mmoja wetu na arudi nyuma kizazi kimoja au viwili, aone kama hatamkuta manamba, mpagazi, mpishi au topasi. Usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha.

Nao wazee wetu hawakuwa malaika. Uhehe ulikuwa na watwa, na wanzagila chini yao, na watumwa chini ya wote. Lakini nguvu ya Uhehe ilitoka katika kuunganishwa kwa vitawala vidogo vingi kuwa watu wamoja, na jeshi lililomshinda Zelewski kule Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 lilikuwa jeshi la watu waliounganishwa hivyo. Leo wajukuu wa watwa na wajukuu wa watumwa wakaa benchi moja katika ofisi zetu, wala hatuwatambui. Hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Dini zetu zote mbili zatufundisha vivyo hivyo: Mtume Paulo alikuwa fundi wa mahema, na Bilali, mwadhini wa Mtume Muhammad, alikuwa amekuwa mtumwa. Na Martin Kayamba na wenziwe walipoanzisha chama cha kwanza cha watumishi wa Serikali Waafrika kule Tanga mwaka 1922, walikusudia Wakristo na Waislamu wakae pamoja, jambo ambalo wakati ule halikuwa rahisi. Wao waliubomoa ukuta uliokuwako. Sisi tusijenge usiokuwako.

Kwa hiyo nawaomba wajumbe wa Iringa na wa Mbeya wakatae shauri hilo, na mahali pake waweke haya manne. Daftari ya wanachama iwe moja, kwa herufi za alfabeti na si kwa vyeo. Michango iwe kwa kadiri ya mshahara, ili mfagiaji asilipe sawa na karani mkuu. Ada za shule zitolewe kwa uhitaji na kwa bidii ya mtoto, bila kuuliza baba yake ashika kalamu au ufagio. Na jioni mbili kila juma, makarani wafundishe hesabu na uandishi wa barua kwa kila mwanachama atakaye. Mimi nipo tayari kuanza juma lijalo, bila malipo.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Tukiwatoa wadogo leo, kesho makarani wa daraja la juu watawaona makarani wa daraja la chini kuwa wadogo, nao watatolewa. Ngazi ya tabaka haina mahali pa kusimama: kila mtu humkanyaga aliye chini yake huku akimlilia aliye juu.

Namaliza kwa heshima kwenu nyote, na kwa bwana yule pia, ambaye nitafurahi kumwona mkutanoni na kumsikiliza tena.

Mimi mwenzenu katika kazi,

Karani wa Masijala,
Mbeya